Nukta na Kompaila Mbili

Kazini walimwita Nukta, na si kwa sababu ya umbo dogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mabega mapana kama ya mchezaji wa mpira wa wavu. Jina lilitokana na macho yake. Mtu angekaa asubuhi nzima akihangaika na programu iliyogoma, anafuta, anaandika, anakunywa chai ya tatu, na Nukta akipita zake nyuma ya kiti kwenda kuchukua karatasi angesema bila hata kusimama, "Mstari wa sita kutoka chini, nukta mkato haipo." Na kweli haipo. Katika lugha waliyoandikia programu zao, kila agizo lilimalizika kwa nukta mkato. Ukisahau moja tu mashine inakataa kukuelewa, tena mara nyingine inakulalamikia mahali pengine kabisa. Nukta alikiona kilichokosekana kama mama mkwe anavyoona vumbi.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na saba kati ya hiyo aliimalizia katika ofisi moja, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Walikuwa watu tisa. Walitengeneza kitu kimoja tu: kijisanduku cheupe kinachoenea kiganjani, cha kuwekwa ndani ya majokofu ya chanjo kwenye zahanati za mbali. Kijisanduku kilipima joto kila dakika, kikaweka kumbukumbu, na jokofu likianza kupata joto kilipiga kelele mpaka muuguzi aje. Wazo lilikuwa la Bosi. Waya na ubao vilikuwa vya fundi wao wa umeme, ambaye wote walimwita Betri kwa kuwa hakuishiwa maneno. Lakini akili iliyokuwa ndani, mstari kwa mstari, ilikuwa ya Nukta. Hakuwahi kuolewa, na walipomtania kuhusu watoto alijibu kwamba anao elfu nne, wote wanalala kwenye jokofu na hakuna hata mmoja anayemwomba viatu.

Mwaka ule kiwanda kilichowauzia chipu, yaani ule ubongo wa kijisanduku, kikatangaza kuwa hakitaitengeneza tena. Chipu mpya ilikuwepo, ila kompaila waliyoizoea haikuijua. Kompaila ndiyo inayochukua maandishi ya mwandishi wa programu na kuyageuza kuwa maagizo ambayo chipu inaweza kuyafuata. Bila hiyo, kazi yote ya Nukta ya miaka kumi na saba ilikuwa maandishi tu, kama barua isiyo na wa kuisoma.

Bosi alimfuata mezani na kikombe chake mkononi.

"Nukta, hii ni yako. Tafuta kompaila mpya na vyombo vyote vinavyoendana nayo. Utakachochagua ndicho tutakachoishi nacho miaka kumi. Nakupa wiki sita."

"Na nikichagua vibaya?"

"Hujawahi," alisema Bosi, akaenda zake.

Nukta alibaki akiutazama mlango. Alimtazama Bosi akitoka, akamwona mgongo, kisha hakumwona tena, ingawa bado alizisikia hatua zake mle mle chumbani.

Shida hiyo ya macho ilikuwa imeanza kwa kujigonga. Meza aliyoizunguka miaka yote ikaanza kumpiga nyonga. Ngazi za ofisi zikaota kidato cha ziada. Jua likishuka tu, barabara ya kurudi nyumbani iligeuka ukungu wenye taa ndani yake, naye akawa anatembea akihesabu nguzo za uzio. Alisingizia uchovu, akasingizia miwani, akanunua miwani mingine. Lakini rohoni alijua, maana safari hiyo alikwisha kuiona kwa baba yake.

Daktari wa macho alimwinamisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, akampa kitufe, akamwambia abonyeze kila aonapo cheche ya mwanga. Nukta alibonyeza, akabonyeza, kisha akangoja sana.

"Mashine yako imekwama," alisema.

"Haijakwama, dada."

Cheche zilikuwa zikiwaka pembeni muda wote ule. Daktari alimwonyesha karatasi: duara jeusi nene, katikati tundu jeupe.

"Ni ya kurithi. Inaanzia pembeni inakuja ndani. Utakuwa kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba litazidi kuwa jembamba."

"Mpaka lini?"

"Miaka mitatu. Mitano ukijaliwa. Dawa ya kukudanganya nayo sina."

Hakumwambia mtu. Alikunja karatasi ile, akaitia kwenye bahasha ya risiti za zamani, akarudi kazini kabla ya saa sita. Hiyo ilikuwa mwezi mmoja kabla Bosi hajamjia na kikombe chake.

Basi kompaila alizozikuta zinafaa kwa chipu mpya zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya kulipiwa. Ilikuja na chumba chake kizima cha kufanyia kazi: madirisha juu ya madirisha, maandishi ya rangi, michoro inayocheza, na chombo cha kusakia makosa kilichoonyesha kwa picha kila mstari wa programu unakula umeme kiasi gani. Wenzake walipoiona walikusanyika kama watoto kwenye duka la baiskeli. Nyingine ilikuwa ya bure, iliyotungwa na watu waliojitolea pande mbalimbali za dunia. Haikuwa na pambo lolote. Ulizungumza nayo kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi, nayo ikakujibu kwa maandishi matupu: hapa sawa, hapa kosa, mstari fulani.

Ofisini Nukta alizipima kama inavyotakiwa. Aliichukua programu yote ya kijisanduku akaipitisha kwenye zote mbili, akaangalia ipi inatoa kitu kidogo cha kuenea kwenye kumbukumbu ya chipu, ipi inatoa chenye mbio, ipi inakueleza kosa lako kama mtu mwenye akili na ipi inakutukana. Aliuliza watengenezaji wa kila moja watadumu miaka mingapi. Aliandika yote.

Jumamosi asubuhi, nyumbani, alizipima kwa namna nyingine. Alifunga mapazia, akazima skrini ya kompyuta, akavaa spika za masikioni na kuwasha programu inayosoma kwa sauti yaliyoandikwa. Kisha akajaribu kufanya kazi kama atakavyofanya miaka mitatu ijayo.

Ile ya bure alielewana nayo siku hiyo hiyo. Aliacha makusudi kosa moja, na sauti ikamwambia masikioni, kavu kama karani: "Kosa. Mstari wa mia mbili na kumi na nne. Ilitarajiwa nukta mkato." Nukta alicheka peke yake gizani. Alirekebisha kwa vidole, akaamrisha tena, ikapita. Alijisikia kama mtu aliyeshika ukuta akakuta kuna mlango.

Kisha akafungua ile ya kulipiwa. Sauti ikasema: "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Akahamia dirisha jingine. "Picha. Picha." Alihangaika nayo mpaka saa saba mchana, shati limelowa mgongoni, na hakuweza kufika hata kwenye mstari wa kwanza wa programu yake mwenyewe. Aliwaandikia watengenezaji kuuliza kama kompaila yao inaweza kutumika kwa amri za maandishi, nje ya chumba chake. Walijibu kwa adabu sana. Toleo hilo lilikuwepo zamani, walisema, wamelisitisha kwa kukosa watumiaji. Maoni yake wameyapokea.

Tangu siku hiyo Nukta akawa na upande. Hakukiri hata kwa nafsi yake, lakini alianza kuitetea ile ya bure kama mtu anayemtetea ndugu yake kwa jirani. Ni imara, alisema. Haitakufa kampuni ikifilisika. Wenzake waliitikia kwa kichwa, maana aliyasema yeye. Nayo yalikuwa kweli. Angeweza kuyasema hata kama macho yake yangekuwa mazima.

Betri ndiye aliyekuja na vipimo wiki ya nne.

"Dada Nukta, kompaila yako ya bure inanilia betri," alisema akivuta kiti. "Kijisanduku kinaamka kila dakika, si ndiyo? Kinapima, kinapiga hesabu, kinalala. Cha kompaila ya kulipiwa kinamaliza haraka kinarudi kulala. Chako kinazubaa. Cha kwanza, betri moja miezi kumi na minne. Chako, tisa."

Nukta alipiga hesabu. Zahanati za mbali zilitembelewa na fundi mara moja kwa mwaka. Hapo ndipo betri zilipobadilishwa. Kijisanduku cha miezi tisa kingezimika miezi mitatu kabla ya fundi, na jokofu likipata joto katika miezi hiyo chanjo zingeharibika kimya kimya, na watoto wangedungwa maji yasiyo na faida, na hakuna ambaye angejua.

"Pima tena," alisema.

Betri akapima tena. Tisa. Nukta akakaa siku nane akiisugua programu: akapunguza hesabu, akabadili namna ya kuamka, akabana kila kilichobanika. Kilichomkwaza ni kwamba kompaila ya bure haikuwa na kile chombo cha kuonyesha umeme unaliwa wapi, alikuwa anapapasa. Akampelekea Betri. Kumi kasoro. Akaisugua tena.

"Kumi kamili," alisema Betri mara ya tatu, akamtazama kwa mshangao. "Unataka nini lakini? Betri haibembelezwi, dada yangu. Nyingine ipo, inafanya kazi, Bosi yuko tayari kuilipia. Kwani hii ya bure ni ya mjomba wako?"

"Nenda kale, mdogo wangu," alisema Nukta. "Asante."

Ijumaa ya wiki ya tano aliketi kuandika ripoti nyumbani. Alipofika penye umri wa betri kwa kompaila ya bure, aliandika miezi kumi na mitatu.

Aliitazama namba ile. Hakuna ambaye angeihakiki. Betri hakuwahi kusoma ripoti hata moja mpaka mwisho, na Bosi alikuwa mtu wa kusoma ukurasa wa kwanza na jina la aliyeandika. Isitoshe, alijiambia, mpaka vijisanduku vipya vifike zahanati atakuwa amepata njia ya kuifanya kumi iwe kumi na mitatu kweli. Angekuwa na miezi minane au tisa. Yeye si Nukta? Aliihifadhi ripoti hivyo hivyo, akalala nayo usiku wa kwanza, akaamka nayo.

Jumapili mchana mama yake aliingia chumbani bila kubisha, akamkuta amekaa mbele ya skrini iliyozimwa, mapazia yamefungwa, vidole vinatembea kwenye kibodi. Mama aliishi naye tangu baba afariki. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na masikio makali.

"Umeanza lini?" aliuliza.

Nukta alivua spika masikioni. "Kuanza nini, mama?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Nimeishi na baba yako miaka kumi na tisa anapapasa kuta. Wewe mwezi wa pili sasa unapitisha mkono kwenye mlango kabla hujaingia. Na chumvi juzi umeimwagia pembeni ya sufuria."

Mama alikaa kitandani.

"Nilisema haitamfuata yeyote," alisema mama. "Nilikuwa nawatazama ninyi wote watatu mkicheza, nasema haitamfuata yeyote. Nikajidanganya hivyo miaka yote."

"Si kosa lako."

"Najua si kosa langu. Ndiyo maana sina hata wa kumwomba msamaha."

Kisha mama, bila kuulizwa, akaanza kuzungumza juu ya baba. Baba alikuwa fundi cherehani, na alishona mpaka macho yalipozima kabisa, kwa kugusa. Hakumwambia mteja yeyote. Watu walileta nguo, wakachukua nguo, wakamsifu. Siku moja mama alimfuata mteja mmoja kumrudishia kifungo alichodondosha, akamkuta kwa fundi mwingine mtaa wa pili, suruali ile ile aliyoishona baba ipo mezani inafumuliwa.

"Nilikaa na jambo hilo," alisema mama. "Sikumwambia. Kumbe alikuwa analijua. Alilijua zamani, kabla yangu. Akaniambia akiwa hospitali: wale wote walikuwa wananilipa nisilie." Mama alijifuta uso kwa kiganja. "Giza alikuwa amelizoea, mwanangu. Hilo jingine hakulizoea."

Akainuka akaenda kuangalia jiko. Juu ya ripoti hakujua lolote, wala hakuwahi kuambiwa.

Nukta alivuta pazia, akawasha skrini, akaifungua ripoti. Alifuta kumi na mitatu akaandika kumi. Chini yake akaandika sentensi moja: kwa zahanati zinazotembelewa mara moja kwa mwaka, umri huu hautoshi. Kisha akapendekeza ile ya kulipiwa, pamoja na madirisha yake yote na picha zake zote, na akaandika sababu moja baada ya nyingine kwa ufasaha, maana ripoti nzuri alijua kuiandika. Alipomaliza alienda jikoni akamwambia mama hajisikii kula.

Mkutano wa Jumatatu haukuchukua hata nusu saa. Bosi alisema, "Nilijua utatupatia jibu." Wenzake walishangilia ule mchoro wa umeme. Betri alimpiga bega: "Hatimaye umemwacha mjomba!" Wote wakacheka, na Nukta akacheka nao.

Alifanya kazi na chombo kile kipya mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuza herufi mpaka neno moja likajaza skrini, akawa anasoma programu kama mtu anayesoma bango la barabarani kupitia tundu la ufunguo, herufi hii, kisha ile. Saa moja ya kazi ikawa tatu. Alifika ofisini wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na watu wakasema Nukta anazidi kujituma.

Siku moja ya Jumatano alimaliza toleo jipya la programu, akampa Betri. Desturi ya Betri ilikuwa kutia kijisanduku kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu na kusubiri kelele. Safari hii alisubiri, akaongeza maji ya moto, akasubiri tena.

"Nukta, hakilii."

"Haiwezekani. Imepita bila kosa."

Betri alisogea kwenye kompyuta yake. "Kosa hamna, lakini si imekuonya? Namba ya kiwango cha joto imekuwa kubwa kuliko nafasi uliyoipa. Alama hii hapa, ya rangi ya chungwa."

"Wapi?"

"Hapa chini."

"Wapi, mdogo wangu?"

Alikuwa amegeuza kichwa chote, anaitafuta skrini kipande kwa kipande, na alikuwa anaitafutia upande mwingine. Betri alikuwa na kidole juu ya alama ile. Aliuangalia uso wa Nukta, akaangalia kidole chake, akakishusha polepole. Mtu ambaye hakuishiwa maneno, siku hiyo yalimwisha.

Nukta alimweleza Bosi mchana ule ule, mlango umefungwa, Betri amesimama dirishani. Bosi aliuliza tangu lini, naye akataja mwezi. Bosi akahesabu nyuma, na Nukta akamwona, katika kile kitundu kilichobaki, akifika mahali penyewe.

"Kabla ya ripoti," alisema Bosi. "Na ile ya bure ungeweza kuitumia?"

"Ningeweza."

"Sasa kwa nini hukusema? Mungu wangu, Nukta! Tungeichukua ile, tungetafuta namna!"

"Ndiyo maana sikusema."

Betri aligeuka. Alikuwa na hasira, na machozi yamemjaa.

"Mimi ndiye niliyekupimia. Umenirudisha mara tatu, nakutania habari za mjomba. Ungeniambia tu, dada!"

"Ungepima nini tofauti?"

Betri alichukua ndoo yake akatoka.

Bosi alijitahidi, hakuna wa kumlaumu. Alimweka kijana wa mahesabu aketi kando ya Nukta amsomee skrini. Kijana alisoma, "Bano fungua, bano fungua tena, nyota," mpaka sauti ikakauka, wala hakuelewa asomacho. Wiki ya pili Nukta alimsikia akipiga miayo na kuimeza kwa heshima. Kila mtu ofisini alikuwa anamheshimu sasa, wanamwondolea viti njiani, wanashusha sauti akiingia, na programu alizowapa walizipokea kwa shukrani kubwa mno. Akakumbuka suruali mezani kwa fundi mwingine. Mwisho wa mwezi aliandika barua ya kuacha kazi, na alipoombwa abaki awe wa kupokea simu alisema simu ataipokea nyumbani.

Nyumbani aliichukua ile kompaila ya bure na kufanya nayo vibarua: programu ya kupimia unyevu kwa mwenye kitalu cha miche, nyingine ya kengele za shule. Kazi ilikuwa safi, na sauti masikioni haikumwonea huruma. Ilimpatia riziki. Usingizi ndio haikumpatia, maana kila siku alijua watoto wake elfu kadhaa wako kwenye majokofu na mlango wa kuwafikia umefungwa kwa picha na vitufe, na kwamba aliufunga yeye.

Mwanzoni Betri alipiga simu kila wiki kuuliza hili na lile. Kisha kila mwezi. Mara ya mwisho ilikuwa asubuhi, na bomba la macho yake lilikuwa jembamba mno sasa, umebaki mwanga tu usio na umbo.

"Dada, yule mwandishi mpya wa programu aliyeshika nafasi yako anauliza. Kuna sehemu umeandika kijisanduku kingoje dakika mbili kabla ya kulia. Ya nini?"

"Majokofu ya zamani yalikuwa yanapandisha joto mlango ukifunguliwa. Nilitaka kisimshtue muuguzi anayetoa dawa."

"Aa. Haya mapya hayana shida hiyo."

"Hayana."

"Basi anasema tuitoe. Anasema programu yote hiyo ya kale anaiandika upya, itakuwa fupi zaidi." Betri alikohoa. "Nikaona nikuulize kwanza."

"Itoeni tu," alisema Nukta. "Yuko sahihi."

Wakaulizana hali za nyumbani, mtoto wa pili wa Betri ameanza shule, wakaagana. Nukta aliweka simu mapajani, akaikalisha pale kwa viganja vyote viwili.

"Nani huyo?" aliuliza mama kutoka chumba cha pili.

"Wa kazini."

"Wanasemaje?"

"Wanaendelea vizuri, mama," alisema, na kwa kuwa mama alikuwa na masikio makali, alingoja kidogo mpaka sauti itulie kabla ya kuongeza, "Vizuri kabisa."